Kura ya Mama na Nyumba ya Mgonjwa

Watu wanadhani sisi tuliotoka Zinjibar tukarudi Oman sote tulikuwa chama kimoja. Thubutu! Anayesema hivyo hajapata kukaa barazani kwa baba yangu, mjini Ibra, baada ya sala ya alasiri. Serikali tuliipoteza, nyumba tuliziacha na vyungu jikoni, lakini vyama tulikuja navyo vyote vitatu, vizima, hata mkwaruzo havikupata njiani.

Vikubwa vilikuwa viwili. Majina yake siyataji, maana mpaka leo wapo watu wakiyasikia presha inawapanda, na mimi sitaki kuuguza mtu. Cha tatu kilikuwa kidogo, na ndicho cha baba. Kule visiwani, kila uchaguzi ukipigwa, vile vikubwa vilitoka vinakabana koo, hakuna kinachoweza kutawala peke yake, na hichi kidogo, kwa viti vyake vichache, ndicho kilichokuwa kikiamua nani aingie ofisini na nani abaki nje akipiga makelele. "Tulikuwa wachache," baba akipenda kusema, "lakini bila ya sisi hakuna serikali." Akishasema hivyo hunyoosha mkono apewe kahawa, na kahawa anapewa.

Nilikuwa na miaka kumi na tano hivi, mwisho mwisho wa miaka ya sabini. Tulikuwa tumeshapita Mombasa, tumeshapita Dubai, tumefika kwenye nyumba ya udongo ya babu yake baba, karibu na falaji, ule mfereji wa maji ya mtaa. Ibra yenyewe ilikuwa imegawika tangu zamani, ya juu na ya chini, na watu wa juu wakiwatazama wa chini kwa jicho la pembeni, kwa hivyo wenyeji hawakutushangaa sana. Walituita Wazinjibari. Walituona tunabishana kwa Kiswahili mpaka magharibi, wakadhani tunazungumza mambo ya maana.

Barazani kulikuwa na wakuu wawili. Mmoja tulimwita Fundi Saa, kwa sababu alikuwa na kibanda sokoni akitengeneza saa za watu, ingawa ya kwake mwenyewe ilikuwa haiendi. Huyo ndiye aliyekuwa kichwa cha chama kikubwa cha kwanza. Wa pili alikuwa Mwalimu, aliyekuwa akisomesha hesabu skuli ya wavulana. Chama kikubwa cha pili aliingia kwa ajili ya rafiki zake, na akakataa kutoka kwa ajili ya ukaidi. Kila mmoja alikuwa na watu wake, na kwa balaa ya Mungu watu wao walikuwa sawasawa. Katikati ameketi baba, chama kizima peke yake.

Loo, alivyokuwa akilifaidi jambo hilo! Kila kitu pale kilipigiwa kura kwa mikono. Redio ifunguliwe London au Cairo? Safari ya harusi ya Sur iwe Alhamisi au Ijumaa? Chai ya maziwa au kahawa? Mikono ya huku na mikono ya kule inatoka sawa, halafu wote wanamgeukia baba. Na baba hana haraka. Anakohoa. Anapanga ncha za kilemba. Anasema jambo hili linataka kufikiriwa. Basi kesho yake Fundi Saa, ambaye mkwewe alikuwa na pikapu akileta samaki kutoka Sur, anatuletea nguru mzima ndani ya barafu. Keshokutwa Mwalimu naye anarudi kutoka Nizwa na bakuli la halua, bado ya moto. Baba anapokea vyote viwili kwa uso wa mtu anayeonewa.

"Bwana, unakula huku na huku," mama akimwambia jioni.

"Siasa hiyo," baba akijibu. "Wanawake hamwezi kuijua."

Mama hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa akishona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vidogo zinazotaka macho na subira, na kazi yake aliifanya nyuma ya pazia la mlango wa baraza, pahala anaposikia kila neno na haonekani. Nikimpelekea uzi nilikuwa nikimkuta anacheka peke yake, mabega yanamtikisika.

Sasa lililonihusu mimi ni hili. Skuli ya wasichana ya Ibra ilikuwa inaishia madarasa ya kati. Ukimaliza hapo, ama una ndugu Maskati wa kukuweka usome sekondari, ama unakaa nyumbani unangojea mchumba. Sisi Maskati hatukuwa na mtu. Na wachumba walikuwa wameshaanza kupiga hodi. Mmoja alikuja na mama yake, akamaliza sahani nzima ya sambusa, asiniulize hata jina. Mimi nilitaka kusoma. Nilitaka mno, hata usingizini nilikuwa naota niko darasani, tena kipindi cha hesabu, ambacho sikipendi.

Ikaja habari: wakubwa wa elimu wamekubali kufungua darasa la sekondari la wasichana mwaka mpya wa masomo, ila jengo hakuna. Itafutwe nyumba ya kupanga, iwe na ukuta mrefu na kisima, na iwe mahali wasichana wanapoweza kufika kwa miguu. Kwa kuwa wengi tuliokuwa tumemaliza tulikuwa watoto wa Wazinjibari, liwali akawaita wazee wetu. Aliwapa kahawa na tende, akawaambia kwa upole: nileteeni jina la nyumba moja, ambayo nyote mmeiridhia, kabla ya mwisho wa mwezi. Mkishindwa, mwalimu wa kike aliyewekwa kwa ajili yenu atapelekwa mji mwingine.

Liwali maskini hakuwajua. Jina moja! Watu hao hata chai hawajapata kukubaliana.

Fundi Saa alitoa nyumba yake. Ilikuwa ukingoni mwa wadi, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha, na mafuriko ya mwaka uliopita yalikuwa yameingia ndani na kuondoka na mlango. Mwalimu akatoa ya kwake, nayo ilikuwa inaelekeana na karakana ya magari, ambapo wanaume wanashinda kutwa nje wamekaa juu ya matairi. Watu wa Fundi wakasema hakuna msichana wa heshima atakayepita mbele ya matairi yale. Watu wa Mwalimu wakasema hawako tayari kwenda kuwavua watoto wao kwa nyavu. Mikono ikanyooshwa, ikatoka sawa, wote wakamgeukia baba, na baba akakohoa.

Nilimjua baba. Kikohozi kile kilikuwa cha nguru wawili kwa uchache.

Nyumba ya maana ilikuwepo. Ilikuwa katikati ya mtaa wetu, kuta ndefu, kisima kina maji matamu, vyumba juu na chini, na mlimau uani. Mwenyewe mke kamfia, watoto hana, anaishi chumba kimoja tu, na alikwisha kusema msikitini kwamba yuko tayari kuitoa. Lakini barazani kwetu nyumba hiyo haikutajwa, kwa sababu mwenyewe alikuwa Mgonjwa.

Hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa na afya ya punda. Jina hilo alipewa na baba, na asili yake ni uchaguzi. Kijijini kwetu kule visiwani chama cha baba kilishindwa na cha Mwalimu kwa kura moja. Moja! Baba ndiye aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwapanga wapiga kura, na alikwisha kuwaahidi wakubwa zake kwamba kiti kile wamekikalia. Mtu mmoja tu wa chama chao hakutokea: rafiki yake mpenzi, aliyekuwa amelala na homa. Yeye alisema homa. Jioni yake, matokeo yameshatangazwa, kuna aliyemwona kakaa kizingitini anakula pweza. Tangu siku hiyo baba hakumsemesha tena. Yakaja yaliyokuja, watu wakatawanyika, huyu akashika njia yake na yule yake, na mwisho wote wawili wakaja kutokea mtaa mmoja wa Ibra, mlango wa huyu unauona wa yule. Wakikutana msikitini, baba husalimia ukuta.

"Mtu wa homa anakula pweza?" baba akiuliza, miaka yote hiyo imepita, kama kwamba pweza bado yumo sahanini.

Basi nikaingia kwenye siasa mimi mwenyewe. Niliichukua saa ya baba, nikaivuta kile kijiti cha pembeni ikasimama, nikaenda nayo sokoni kwa Fundi Saa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, baba yako kaamua?"

"Bado anafikiri. Lakini ami, tuseme nyumba yako ikikosa..."

"Haikosi!"

"Tuseme tu. Utaona afadhali ya Mwalimu?"

Macho yalimtoka, na ile lenzi yake ya jichoni ikaanguka mezani. "Ya nani? Mwanangu, kuliko hiyo, heri ya Mgonjwa!"

"Kweli, ami?"

"Wallahi!"

Nikarudi kwa njia ya skuli ya wavulana, nikamsubiri Mwalimu getini na swali lile lile. Alinisikiliza kwa utaratibu, akanitazama kama mtu anayepewa sumu achague kikombe. "Kuliko nyumba ya Fundi," akasema, "watoto wakasome kwa Mgonjwa, na mimi nitawabebea madawati. Wallahi."

Nilifika nyumbani nahema. Haijapata kutokea tangu dunia iumbwe vyama vile viwili vikaapa kwa jambo moja siku moja. Aliyekuwa amebaki njiani ni chama kidogo peke yake, nacho kilikuwa sebuleni kinamalizia halua ya Nizwa.

Nilimweleza mama yote. Alikata uzi kwa meno.

"Fundi kaapa?"

"Kaapa."

"Na Mwalimu?"

"Kaapa, mama."

"Haya. Niache nimalize kofia ya watu."

Hilo halikunituliza. Siku zikenda, mwezi ukawa unakatika, na mimi ndiye ninayemimina kahawa. Alasiri ya mwisho, kesho yake ndiyo siku ya liwali, Mwalimu alichoka. Alisema, bila ya kumtazama Fundi, kwamba kuna nyumba ya tatu. Fundi akasema, bila ya kumtazama Mwalimu, kwamba naye alikuwa anataka kusema hivyo hivyo. Wakapiga kura. Mikono yote ikaenda juu, ya huku na ya kule, isipokuwa mkono wa baba, uliokuwa umeshika kikombe.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe! Liwali alisema wote waridhie, na mpeleka neno alikuwa baba, maana hakuna upande uliokubali upande wa pili ndio uende.

"Mikono yenu mingi, nimeiona," baba akasema. "Lakini neno nalipeleka mimi, na jina la mtu yule halitoki kinywani mwangu. Aliyetuuza kwa homa ya pweza, leo nikambembeleze nyumba?"

"Na watoto wetu, yakhe?" Fundi akauliza. "Na wako?"

"Wangu akikosa kusoma, atakosa. Wanawake wangapi hawakusoma na wanaishi."

Nilikuwa nyuma ya pazia na dele la kahawa mkononi. Nilimpenda baba yangu kuliko mtu yeyote, na dakika ile nilimchukia, nasema kweli, nilitamani nimmwagie kahawa ile kilembani. Machozi yalinitoka, ya hasira kuliko ya huzuni, yakaangukia kofia ya mama. Mama akaifuta kofia, akanitazama. Kisha akajitanda kanga yake vizuri, akalisogeza pazia, akatoka.

Hajapata kufanya hivyo. Wanaume walivuta miguu, walitafuta kofia zao, mmoja akasimama akakaa tena.

"Samahanini, sikuja kukaa," mama akasema, akakaa. Akamgeukia baba. "Bwana, ule uchaguzi wa kijijini mlishindwa kwa kura ngapi?"

"Moja! Kwani hujui?"

"Yule bwana angekuja siku ile akakupigieni, mngepata nini?"

Mwalimu alikuwa mtu wa hesabu, hakuweza kujizuia. "Sare," akasema.

"Sare. Si ushindi." Mama alikuwa anaongea polepole huku anaizungusha kofia kwenye vidole. "Haya, Mwalimu, nitolee na hii. Tuseme kulikuwa na mtu alisimama kwenye foleni kama wa chama hichi kidogo, wamemhesabu wao, na alipofika ndani akawapigia nyinyi. Mtu huyo angewapigia wao, ingekuwaje?"

Mwalimu akahesabu kwa vidole chini ya kanzu. "Sisi tunapungua moja, wao wanaongezeka moja. Wanashinda wao."

"Basi aliyekuangusheni siye mwenye homa."

Baba alikuwa ameinuka nusu. "Nani? Nani huyo? Nambie jina lake!"

"Mimi."

Wallahi hata nzi walisimama. Aliyetangulia kusema ni Mwalimu, uso wote meno: "Mashallah! Kumbe dada yetu ni mwenzetu!"

"Nyamaza weye," mama akamwambia, na Mwalimu akanyamaza.

"Kwa nini?" baba akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtoto.

"Ulikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba watu kura," mama akasema. "Kwa mabarobaro, kwa wazee, hata kwa yule kiziwi wa shamba la pili ulikwenda ukamwomba kwa mikono. Nyumbani kwako hukuomba. Uliniambia tu nivae buibui tutoke. Leo tena unampa mtoto wangu hukumu, na yeye hukumuuliza." Akainuka, akarudi zake ndani, akachukua sindano.

Baba akakiweka kikombe chini. Halafu akainuka, akatafuta viatu vyake, mguu mmoja akavaa kiatu cha Fundi, akatoka nje bila ya kuaga. Baraza zima likamfuata kwa mbali, vyama vyote pamoja, na mimi nyuma yao na dele langu, kwa maana hakuna aliyenikataza.

Akapiga hodi kwa Mgonjwa. Mlango ukafunguliwa, wakatazamana.

"Asalaamu alaykum," baba akasema. Akakohoa, na mara hii kilikuwa kikohozi cha kweli. "Homa imepoa?"

Mgonjwa akamtazama juu mpaka chini, mpaka kwenye kile kiatu kisicho chake.

"Imepoa zamani," akasema. "Pweza ndiye aliyenilaza siku mbili. Ingia ndani, jua kali."

Darasa lilifunguliwa. Nililia siku ya kwanza, nikachukia hesabu tangu siku ya pili, na nikamaliza. Miaka ya themanini ilipofika nilikuwa nasomesha Nizwa, nikirudi Ibra kila Alhamisi, na kila nikirudi nilikuwa nikiwakuta baba na Mgonjwa juu ya mkeka mmoja wanacheza karata na kutukanana. Hakuna mtu aliyekuwa akimpenda baba kama yule mzee, na hakuna aliyekuwa akimwibia karata kama yeye.

Mama alikuwa bado anashona. Alhamisi moja nilikaa naye nikamuuliza lililokuwa likiniwasha kwa miaka.

"Mama, kweli uliwapigia wale?"

"Kura ni siri."

"Siri gani, na uliisema mbele ya baraza zima!"

"Nilisema nilichotaka kusema siku ile," mama akajibu, macho kwenye kitundu cha kofia. "Kura nilipiga siku nyingine."

Sikumbana tena, lakini miguu haikutulia. Nikaenda barazani. Mgonjwa alikuwa amekwenda kutia udhu, karata zake kazifunika kwa kofia, na baba amekaa peke yake anaichungulia kofia hiyo kwa tamaa. Nikajiinamisha sikioni kwake.

"Baba, nimezungumza na mama ile habari ya kura. Nadhani siku ile hakusema..."

Baba akanikamata mkono, akanibana hasa.

"Usinambie," akasema.

"Hutaki kujua?"

Akatazama kule kwenye birika la maji, ambako Mgonjwa alikuwa anaosha miguu na kupiga kelele kwamba mtu asiguse karata zake.

"Ikiwa alitupigia sisi," baba akasema kwa sauti ndogo, "itabidi nimnunie tena yule. Na mimi nimeshamzoea."